Hodi Tatu kwa Mlango wa Pepe

Mwalimu wetu wa Historia alikuwa na ugomvi wa kudumu na vitenzi. Miaka yote aliyotusomesha pale Vitongoji, Pemba, na hata baada ya kustaafu, hakuna sentensi iliyomchoma kama ile isiyokuwa na mtenda. Kitabu cha darasa kikisema kwamba kiti fulani cha enzi "kilipatikana" pwani na sasa "kipo" katika jumba la makumbusho la nchi ya baridi, alikifunga kitabu, akakiweka juu ya meza, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba kiti chenyewe tumekificha sisi chini ya madawati.

"Kilipatikana," alirudia. "Kwani kilikuwa kimepotea? Nani alikuwa akikitafuta?"

Akakigonga kitabu kwa chaki.

"Na huyo aliyekichukua, nani alimpa ruhusa?"

Hapo jibu tulilijua, maana lilikuwa hilo hilo kuanzia Januari mpaka Disemba, nasi tulilitoa kwa pamoja kwa sauti ya madrasa: "Hapana aliyempa, Bi Mwalimu."

Jina lake silitaji. Kijijini hapana anayelitumia, na yeye mwenyewe angekasirika kuliona limechukuliwa kwake bila ya kuombwa.

Kustaafu hakukumpunguza. Alitembea na kipande cha chaki ndani ya mkoba wake kama wanawake wengine wanavyotembea na tasbihi, na kila tangazo lililobandikwa mahali pa watu wote lilikuwa kwake ni daftari la mwanafunzi mzembe. Sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa kijijini, aliwahi kuandika ubao mbele ya bomba la shehia: "Maji yamefungwa." Kulipokucha palikuwa na maneno mawili chini yake, kwa mwandiko ule uliosimama wima kama askari: "Na nani?" Sheha akafuta. Kesho yake yakarudi. Mwishowe maji yakafunguliwa, na wako wanaoapa kwamba chaki ilifanya kazi ambayo mafundi wa bomba hawakuifanya. Mimi nasadiki kwamba Sheha alichoka kufuta.

Hata misibani hakutuachia raha. Mtu akisimama kueleza kwamba marehemu "alidhulumiwa sana katika maisha yake," Bi Mwalimu, kule upande wa wanawake nyuma ya pazia, alikohoa. Kikohozi kile tulikijua sote. Msemaji naye alikijua, na aghalabu alikuwa mmoja wa waliodhulumu, kwa hiyo alikatisha maneno akaomba watu wasome Fatiha.

Kwa mambo ya ulimwengu alikuwa amesoma kupita kiasi cha mahitaji ya kijiji. Alikuwezesha kusimama kwenye foleni ya muhogo huku ukisikiliza jinsi masanamu ya shaba yalivyobebwa kutoka katika kasri la mfalme mmoja wa Afrika Magharibi, jinsi makaburi ya kale ya pwani yetu yalivyong'olewa sahani za kaure, na jinsi ngoma za kifalme zinavyolala ndani ya makabati ya kioo ambamo hapana mtu wa kuzipiga. Aliyesimama nyuma yake alirudi nyumbani na muhogo na huzuni. Wengi walichagua foleni nyingine.

Lakini hayo yote yalikuwa mifano tu. Dai lake hasa, lile alilolihesabu kuwa dai la maisha yake, lilikuwa mlango.

Upande wa kaskazini wa kijiji kuna gofu la nyumba ya mawe. Kuta tatu zimesimama, ya nne imelala, na katika ukuta wa mbele pana pengo refu lililokatwa sawasawa. Hapo palikuwa na mlango wa nakshi wa mbao mbili, miimo yake na kizingiti chake. Habari yake kila mzee wa hapa aliisimulia namna moja. Bwana mmoja wa serikali ya kikoloni aliupenda, akaja kuuazima. Neno ni hilo: aliuazima. Alitaka ukaonyeshwe kwao kwenye tamasha, watu wa huko wauone, kisha urudi. Ukang'olewa, ukafungwa magunia, ukapakiwa. Nyumba ikabaki kinywa wazi, mvua ikaingia, wenyewe wakahamia Chake Chake. Mlango uko mpaka leo katika jumba la makumbusho la kwao bwana yule, na karatasi iliyobandikwa chini yake husema ni zawadi.

"Kuazima bila ya kurudisha," alisema Bi Mwalimu, "ni wizi uliopiga pasi kanzu."

Kila mwaka aliwapeleka wanafunzi kwenye gofu lile, na hapo ndipo ilipokuwa ada yake ya ajabu. Hakuturuhusu kupita katika pengo hivi hivi. Alizunguka peke yake nyuma, akapanda juu ya ukuta ulioanguka, huku ameshika buibui lake kwa mkono mmoja, akaingia, akasimama ndani palipokuwa na ukumbi. Sisi tulibaki nje, mbele ya hewa tupu, tukabisha hodi. Alituacha mara ya kwanza. Alituacha mara ya pili. Mara ya tatu alijibu: "Karibuni." Ndipo tukaingia kwa mguu wa kulia.

"Na kama sikujibu?" alituuliza.

"Tunarudi, Bi Mwalimu."

"Mnarudi. Hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hageuki mwizi. Anageuza njia."

Wajukuu wa wenye nyumba, watu wenye asili ya Omani ambao siku hizi wana duka la vifaa vya ujenzi Chake, walisema mlango ukirudi ni wao. Wajukuu wa fundi aliyeuchonga, ambao babu zao waliletwa mashambani hapa kutoka bara, walisema nyumba ilikuwa ya wale lakini mikono ilikuwa yao. Ugomvi huo ulizishughulisha pande zote mbili kwa ukamilifu, hata hapana aliyepata nafasi ya kumdai yule aliye nao. Kila upande ulimwendea Bi Mwalimu kutafuta ushahidi, naye aliwapa wote jibu moja: "Urudi kwanza. Tugombane tukiwa tunauegemea."

Nimesema hayo ya sifa. Sasa niseme ya nyumbani kwake, maana mtu anayesomesha uadilifu kwa watoto wa watu hana haki ya kukasirika uadilifu ukimfuata mpaka ukumbini.

Ukumbi wa Bi Mwalimu ulikuwa makumbusho. Yeye hakulitumia neno hilo, ambalo kwake lilikuwa tusi, alisema "mahali pa kuhifadhia." Ukutani na juu ya rafu alizozipanga mwenyewe palikuwa na kandili ya msikiti kutoka enzi za mafuta ya taa, marfaa ya kuwekea msahafu, birika la shaba, bakora ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, kinu cha kahawa, nyungo, vitanga vya ukindu, na mbuzi ya kukunia nazi yenye kibao kilichochongwa kichwa cha ndege. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha karatasi: jina lake, kazi yake, kisha neno "Imehifadhiwa," na chini yake, "Usiguse."

Vyote vilikuwa vya watu. Alivipata kwa kuviazima. Alikuja nyumbani kwako kwa salamu ndefu, akaulizia afya ya mama, akakiona kitu, akakishika, akakupa historia yake ambayo wewe mwenyewe hukuijua, ukajiona mjinga kwa kukitumia bila ya heshima. Kisha akakuomba akiazime apate kuwaonyesha wanafunzi. Ulimpa. Nani angemnyima mwalimu aliyemsomesha yeye na watoto wake? Wanafunzi walikiona, wakafaulu, wakaoa, wakaolewa, na kitu kilikuwa bado kiko rafuni.

Ukienda kukiulizia, hakukataa. Hakupata kukataa hata mara moja. Alikukaribisha, akakupa chai ya mdalasini, akakueleza kwamba kwako kingeliwa na mchwa.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bi Mize, jirani yake wa nyumba ya pili, mwenye ile mbuzi ya kichwa cha ndege. Ilikuwa ya bibi yake. Bi Mize ni mkulima wa mpunga, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi usiokuwa na breki, na tangu mbuzi ichukuliwe alikuwa akikunia nazi kwa ya bati iliyomkata vidole kila mwezi wa Ramadhani. Nakumbuka nilikuwapo siku moja alipoifuata.

"Bi Mwalimu, waambaje?"

"Salama, Bi Mize. Karibu."

"Nishakaribia. Mbuzi yangu hino ndiyo nnayoiona?"

"Ndiyo. Umeiona ilivyong'ara? Naipaka mafuta kila Ijumaa."

"Mashallah. Mie mwenyewe sijapakwa mafuta tangu niolewe. Sasa yakhe, n'na nazi kumi na wageni."

"Bi Mize, kibao hiki hapana kingine Pemba nzima. Ukikikalia kitapasuka."

"Bibi yangu alikuwa mnene kuliko mie, na alikikalia mpaka anakufa."

"Ndiyo maana lazima kipumzike."

Bi Mize akanyoosha mkono. Bi Mwalimu akakohoa, kikohozi kile cha msibani, akamwonyesha karatasi: Usiguse. Na mwanamke yule ambaye hakupata kumwogopa mume, mkwe wala diwani, akaurudisha mkono wake, akanywa chai, akaenda zake. Njiani akanambia, "Nimekwenda kuitazama mbuzi yangu kama mtalii. Bado kunitoza kiingilio tu."

Nilipomuuliza Bi Mwalimu, kwa adabu iliyonistahili, mbuzi ile imefikaje pale, alinijibu huku akifuta vumbi: "Ilifika miaka ile." Sikuwa na chaki mkononi.

Basi mwaka jana ikaja habari ya miwani. Gari lilipita na kipaza sauti, Sheha akiwa ndani, likitangaza kwamba Jumamosi skulini kutakuwa na wageni kutoka jumba lile lile la makumbusho, nao wataurudisha mlango wetu kijijini "kwa njia ya uhalisia pepe." Nilikuwa nimesimama karibu na kwa Bi Mize, naye alikuwa uani anapepeta mchele.

"Kasema nini?"

"Uhalisia pepe, Bi Mize. Ni miwani. Ukivaa unakiona kitu kana kwamba kiko mbele yako, na hakiko."

Ungo ukasimama hewani. Wasomi waliolibuni neno hilo huenda hawakupata kulima mpunga, au walilima wakasahau. Huku kwetu pepe ni ile punje yenye ganda zuri isiyokuwa na kitu ndani, ile ambayo mtu huipeperusha iende na upepo abaki na mchele.

"Wanatuletea pepe," alisema Bi Mize polepole. "Kwa ndege." Akautazama ungo wake. "Waambie wasisumbuke. N'nazo hapa."

Tukacheka, lakini Bi Mwalimu hakucheka. Kwa siku zile chache alikuwa mtu mwingine. Macho yake yalikwisha kuanza kuingia ukungu. Alisoma kwa kukileta kitabu mpaka puani, na daktari alimwambia jicho moja halitarudi. Tena kulikuwa na jambo ambalo sisi wanafunzi wake hatukuwahi kulifikiri: mlango ule hakupata kuuona. Alitueleza nakshi zake umri mzima, minyororo ya ukingoni, maua ya mfaa, ule mti wa katikati, samaki wa chini, na yote hayo aliyachukua kwa waliochukua kwa wengine. Wageni wale wa jumba, waliomtembelea kabla ya Jumamosi, walikuwa wamemwekea sharti la upole sana. Baada ya kutazama, yeye, kwa kuwa ndiye aliyeliandikia jumba lile barua za madai miaka yote, angesimama mbele ya kamera aseme maneno matatu: "Tumeupokea mlango wetu." Baada ya hapo jumba lingehesabu kwamba suala la mlango wa Vitongoji limekamilika.

"Limekamilishwa na nani?" aliwauliza, kwa mazoea. Lakini aliponisimulia sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisiposema hawatanivisha hiyo miwani? Mimi nataka niuone. Nikishauona, nitajua la kusema."

Jumamosi skuli ilijaa. Pilau ilikuwa inapikwa nyuma ya darasa la kwanza kwa hisani ya wageni, na harufu yake ilihudhuria hotuba zote. Kiongozi wa wageni, ambaye tulimwita Bwana Mtaalamu, alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyekisoma Kiswahili chuoni na kukisema kwa usafi wa nguo iliyotoka dukani na bado ina pini. Alieleza kwamba jumba lao lina majuto makubwa. Alieleza kwamba siku hizi historia ya vitu vilivyoporwa haifichwi tena. Inasimuliwa wazi wazi, kwa teknolojia, ili kila mtu aone njia ambayo kitu kilipita. Watu wakapiga makofi. Sikumsikia akieleza kwa nini kitu chenyewe kisipite tena njia hiyo hiyo kurudi.

Televisheni iliwekwa juu ya meza ili sisi wengine tuone anachokiona aliyevaa. Bi Mwalimu akavishwa. Lile likopo jeusi juu ya uso, na buibui likiwa limezunguka, lilimfanya aonekane kama mtu aliyechungulia dirishani mwa nyumba ya watu akakwama.

Tukaona msitu. Tukaona fundi asiyekuwa na uso, ambaye mikono yake ilikuwa laini kama ya karani, anachonga. Sauti ya mwanamke, kwa lafudhi ya mbali na kwetu, ikasema: "Baada ya miaka mingi, mlango uliondoka Pemba."

"Uliondoka," alisema Bi Mwalimu ndani ya likopo lake. "Una miguu?"

"Ukasafiri baharini," iliendelea sauti, "na ukapata makao mapya."

"Ulichoka na ya zamani."

Wanafunzi wake wa zamani tukaguna kwa raha. Kisha msitu na meli vikafutika, na mlango ukasimama mbele yake.

Nitasema kweli: ulikuwa mzuri. Hata kwenye televisheni ya skuli yenye mstari wa kijani katikati, ulikuwa mzuri kiasi cha kunisahaulisha pilau. Minyororo ilikuwapo, maua yalikuwapo, samaki wale wa chini walikuwapo. Bi Mwalimu alinyoosha mkono. Mkono ukaingia katika mbao kama katika moshi, akaurudisha upesi na kuuficha chini ya buibui, kama aliyeshika kitu kisichomhusu. Kisha akalivuta buibui lake likakaa sawa, akasogea nyuma kidogo, na kwa sauti ya mgeni aliyefika nyumba ya heshima, akasema:

"Hodi."

Bwana Mtaalamu alifurahi. Neno hilo alilijua. "Karibu, Bi Mwalimu," alisema. "Karibu sana. Unaweza kupita moja kwa moja. Mlango huu si mgumu."

Yeye akageuza likopo upande ilikotoka sauti. "Wewe umesimama nje, kama mimi. Mwenye kukaribisha huwa ndani."

Akaugeukia mlango.

"Hodi."

Mafundi wa wageni wakatazamana. Mmoja akabonyeza kitu, mlango ukafunguka wenyewe kwa mlio mtamu uliotiwa studioni, na nyuma yake hapakuwa na ukumbi, wala ua, wala mtu. Palikuwa na ukuta mweupe wa makumbusho na alama ya njia ya kutokea. Watu waliona. Darasa zima lilisogea mbele kidogo.

"Hodi," alisema mara ya tatu, na safari hii nilisikia wenzangu wawili watatu, watu wazima wenye ndevu, wakivuta pumzi kama tulivyokuwa tukifanya mbele ya gofu, tukingoja. Hapakujibu mtu. Bi Mwalimu akageuka, akampa mlango mgongo, akapiga hatua mpaka goti likagonga dawati, akavua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akampa Bwana Mtaalamu kwa mikono miwili.

"Hapana watu," alisema.

"Samahani?"

"Nimebisha hodi zangu, hapana watu. Mlango nimeuona. Ni mzuri kuliko nilivyokuwa nikiusema. Lakini sikuupokea. Kupokea ni kwa mikono."

Bwana Mtaalamu, maskini, hakuwa mtu mbaya. Alijaribu kumfariji. "Lakini Bi Mwalimu, ule wa kweli usiwe na wasiwasi nao. Umehifadhiwa vizuri sana. Hewa yake inapimwa. Hapa ungeliwa na mchwa. Kwetu hapana mtu anayeugusa."

Kutoka nyuma ya darasa, karibu na harufu ya pilau, kilisikika kicheko kimoja kipana.

"Umehifadhiwa," alisema Bi Mize. "Allah, Allah. Nami mbuzi yangu imehifadhiwa."

Bwana Mtaalamu akageuka kwa adabu. "Mbuzi wako amehifadhiwa wapi, mama? Ni mgonjwa?"

Darasa lilianguka. Watu walishikana mabega. Sheha alijaribu kupiga meza, akashindwa, akacheka na yeye. Bi Mize alingoja kicheko kipite kama anavyongoja upepo uchukue pepe, kisha akasema bila ya haraka:

"Si mbuzi wa miguu, bwana. Ya kukunia nazi. Iko kwa huyo huyo anayekwambia kupokea ni kwa mikono. Anaipaka mafuta. Hapana anayeigusa. Sasa muulize Bi Mwalimu, nikitaka kukuna nazi nami nije na miwani?"

Nimemjua Bi Mwalimu tangu nikiwa sijui kufunga vifungo vya shati. Nimemwona akiwajibu wakaguzi, mashehe, na waume wa watu. Siku ile alisimama mbele ya madawati aliyoyatawala maisha yake yote. Hakukohoa hata. Akachukua mkoba wake wa chaki, akatoka, na watu wakampisha njia wakiwa bado wanapangusa machozi ya kicheko.

Kamera ilikuwa imewashwa na pilau ilikuwa tayari. Sheha akaona aibu ya wageni ni aibu ya shehia. Akasimama mahali pale pale, akaikunjua mikono yake mitupu mbele, viganja juu, kama mtu anayepima iwapo mvua imeanza, akasema: "Tumeupokea mlango wetu." Wageni wakapiga makofi. Sisi tukala. Nasema sisi, maana hapana aliyesusa, si wajukuu wa wenye nyumba wala wajukuu wa fundi. Walikaa sinia moja, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue hawakugombana, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kugombania.

Picha ile ya viganja vya Sheha, naambiwa, sasa inaonyeshwa huko jumbani, mwisho wa hadithi ya miwani, baada ya meli.

Kwa miezi kadhaa Bi Mwalimu hakutoka ila kwa lazima. Matangazo ya shehia yalikaa na makosa yake. Kisha, wakati wa kuanika karafuu, zikaanza habari kwamba anapita majumbani na toroli. Imamu aliletewa kandili. Akasema msikiti una umeme, akaombwa aipokee hata hivyo, akaipokea. Mtu mmoja alikataa katakata kwamba bakora ni ya babu yake, kwa kuogopa isije ikawa na madai mengine nyuma yake. Wale wale waliolalamika miaka na miaka kwamba kavichukua vitu vyao walianza kulalamika kwamba kavirudisha kwa masimango. Sikushangaa. Mtu akizoea kudai, kulipwa humnyang'anya kazi.

Mimi nilimkuta mara moja tu, baada ya sala ya alasiri. Toroli lilikuwa tupu kando ya njia. Yeye alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Bi Mize, amekumbatia ile mbuzi ya kichwa cha ndege kama mtu aliyebeba mtoto wa kiume wa watu. Karatasi ilikuwa imebanduliwa; palibaki alama ya gundi. Mlango wa Bi Mize ulikuwa wazi nusu, na ndani niliuona ukingo wa kanga ukijivuta nyuma ya pazia.

"Assalaam alaykum, Bi Mwalimu."

"Wa alaykum salaam." Hakugeuka. Jicho lake zima lilikuwa juu ya mlango. "Yuko ndani. Nishabisha mara mbili."

"Huenda hakusikia."

"Kasikia. Ananipima."

Nikaelewa. Akibisha ya tatu, na Bi Mize asijibu, kwa sheria yake mwenyewe aliyotusomesha sote ingempasa ageuze njia na mbuzi ya watu mkononi. Kwa hiyo hakubisha. Alisimama na hodi yake ya tatu ndani ya kinywa, na jua la alasiri lilikuwa usoni mwake, na kibao kile ni cha mbao nzito.

"Nikupokee, Bi Mwalimu?"

"Si yako." Kisha akaongeza: "Yule bwana wa miwani atakuja tena. Nimeliandikia jumba upya. Nataka safari hiyo anikute sina kitu cha mtu."

Ndani, kitu cha bati kiligongwa kwa makusudi. Tukangoja. Aliipandisha mbuzi kifuani. Mwishowe sauti ya Bi Mize ikatoka nyuma ya pazia, kavu:

"Nani hapo?"

"Mimi."

"Mimi ni kila mtu. Mimi nani?"

Nilidhani atasema cheo chake. Alikuwa na haki nacho.

"Niliyeichukua mbuzi yako," alisema.

Pazia likavutwa. Bi Mize alisimama kizingitini, ana unga wa muhogo mpaka viwikoni, akamtazama tangu kichwani mpaka miguuni.

"Karibu," alisema.

Bi Mwalimu hakuingia mpaka alipoitua mbuzi mikononi mwa mwenyewe. Hata hapo hakuiachia. "Sema umeipokea."

"Ebo. Si nimeishika?"

"Sema."

Bi Mize akaiinamisha, akapitisha kidole gumba juu ya meno ya chuma, akakitazama kidole: hakina hata mkwaruzo.

"Butu," alisema. "Imepakwa mafuta mpaka imekuwa butu." Akaivuta kwake, na safari hii Bi Mwalimu akaiachia. "Lakini nimeipokea."